Barua Zenye Simba: Posta, Picha na Waha Waliokwenda Manamba

Mara ya mwisho ulipoingia posta, ukutani uliona nini? Hebu jaribu kukumbuka. Kwa ofisi nyingi za miji yetu midogo jibu ni lile lile: picha ya Rais aliye madarakani, karibu yake picha ya Baba wa Taifa, kalenda, saa, na karatasi yenye bei za kutuma vifurushi. Basi. Na tuseme ukweli, wengi wetu hatuna hata cha kukumbuka, maana posta hatuingii tena. Hela zinakuja kwa simu, salamu zinakuja kwa simu, na habari za misiba nazo tunapashwa kwa simu.

Swali hili nimelipata kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye hakuwahi kuingia posta hata siku moja. Alizeekea kijijini, upande wa Kasulu, na kusoma hakujua. Babu alikwenda manamba mara mbili, kukata mkonge huko Tanga, na miaka hiyo barua zake zilifika nyumbani kwa kudra za Mungu. Zilishukia bomani, zikachukuliwa na mtu wa misheni, zikasomwa na katekista mbele ya watu watano sita waliokuja kudoea habari za vijana wao. Barua ikishasomwa haikuwa na kazi tena kwa bibi. Alichokitunza ni bahasha, na bahasha alizitambua kwa picha za stempu. Hii ya simba ndiyo aliyosema ana homa. Hii ya jahazi ndiyo iliyokuja na hela ya kodi.

Siku moja nilimuuliza kama zile barua zilimpunguzia upweke. Akacheka. "Sikiliza, mume wangu," akaniambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, "babu yako alinitumia simba, akanitumia jahazi, akanitumia mlima. Mtu hakunitumia."

Niliyachukulia kuwa maneno ya kizee. Miaka mingi baadaye nilianza kusoma habari za posta za Marekani katika miaka ya 1930, na ndipo nilipoelewa kwamba bibi, bila kujua, alikuwa ameikosoa serikali ya kikoloni pale hasa ilipostahili kukosolewa. Kila serikali huchagua picha ya kuwaonyesha wananchi wake pale dirishani wanapopokelea barua. Picha hiyo ni jibu la swali moja: nchi hii ni ya nani?

Tuanze na hao Wamarekani, kisha turudi Uha.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini humo hakuwa na kazi. Wachoraji nao walilala njaa, maana asiye na mkate hanunui picha. Mei 1933 mchoraji mmoja, George Biddle, alimwandikia barua Rais Franklin Roosevelt, ambaye alisoma naye shule moja. Alimkumbusha habari za Mexico. Baada ya mapinduzi, serikali ya huko iliwaajiri wachoraji, akina Diego Rivera, ikawalipa ujira wa fundi bomba, nao wakazijaza kuta za majengo ya umma historia ya nchi yao. Biddle aliona vijana wa Marekani nao wangeweza kufanya hivyo, kama serikali ingewapa kuta.

Serikali ikawapa. Mwisho wa 1933 ulianza mradi wa majaribio, na Oktoba 1934 Wizara ya Fedha ikaunda kitengo cha uchoraji na uchongaji chini ya Edward Bruce, mwanasheria na mfanyabiashara aliyeacha biashara akawa mchoraji. Kwa nini Wizara ya Fedha? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikijenga ofisi za posta, na miaka ile ilijenga nyingi ili watu wapate kazi. Utaratibu wa Bruce ulikuwa mwepisi kuueleza. Kiasi cha asilimia 1 ya fedha za jengo kitengwe kwa ajili ya sanaa. Wachoraji washindanishwe, na michoro iletwe bila majina ili asipendelewe mtu. Atakayeshinda aujue mji atakaouchorea: akiweza aende, aandikiane na mkuu wa posta, aulize wenyeji wana historia gani na kazi gani. Kisha achore kwenye turubai, mara nyingi akiwa kwake mbali, aikunje picha kama jamvi, na ikifika ibandikwe ukutani juu ya mlango wa mkuu wa posta.

Watu wengi huuchanganya mpango huu na ule wa WPA ulioanza 1935. Ule wa WPA ulikuwa wa kuwapa riziki wachoraji wasio na kazi. Kitengo cha Bruce kilishindanisha kazi na kulipa kwa mkataba. Vita vilipozidi kikafungwa mwaka 1943, na kufikia hapo ofisi za posta zaidi ya 1,000 zilikuwa na picha au sanamu, nyingi zikiwa katika miji ambayo ukiipita kwa gari unaweza usijue kuwa umeipita.

Walichora nini? Wavuna ngano, wachimba makaa, wapasua mbao, mama wanaopokea barua, gari la farasi la posta likivuka mto. Mkulima aliingia kununua stempu, akainua kichwa, akamwona mtu mwenye mikono kama yake, mkubwa kuliko yeye, yuko ukutani mwa serikali. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye shamba lake linataka kunadiwa na benki.

Lakini tusiwapambe mno. Kuta zile zilikuwa na ugomvi wake. Mwaka 1938, katika mahakama ya mji wa Aiken, Carolina ya Kusini, Stefan Hirsch alichora Haki kama mwanamke mwenye ngozi ya kahawia kiasi. Wakubwa wa mji wakapiga kelele kwamba amechora chotara, na picha ikafunikwa kwa pazia. Wachoraji weusi waliopewa kuta za posta walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Archibald Motley, aliyeuchorea mji wa Wood River, Illinois. Na picha nyingi zilionyesha kazi bila kuonyesha dhiki: kila mvunaji kanenepa, kila ng'ombe anang'aa. Wenye njaa wenyewe hawakutaka kuchorwa na njaa yao.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Rockwell Kent. Alipewa kazi katika jengo la makao makuu ya posta, Washington, achore jinsi barua zinavyofika hata pembe za mbali: Alaska kwenye barafu, na Puerto Rico kwenye joto. Mwaka 1937 picha zikawekwa. Kwenye ile ya Puerto Rico kuna mwanamke ameshika barua, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo mjini Washington hakuna aliyeielewa. Yalipotafsiriwa ikaonekana ni salamu za wenyeji wa Alaska kwa watu wa Puerto Rico, wakiwahimiza wabadilishe watawala ili wawe huru. Kulizuka mzozo mkubwa. Serikali ilikuwa imemlipa mtu aichoree barua, naye akaandika ndani yake kile ambacho serikali haikutaka kukisoma.

Sasa turudi Uha, miaka ile ile.

Mdororo ulifika Tanganyika bila kuchelewa, kwa sababu kile tulichouza nje ndicho kilichoporomoka bei: mkonge, kahawa, pamba. Mashamba ya mkonge yalipunguza watu na kupunguza mishahara. Mwaka 1932 London ilimtuma Sir Sidney Armitage-Smith kuja kukagua fedha za nchi. Serikali ya kikoloni haikuwa na wazo la kukopa ili kuwapa watu kazi. Ilibana matumizi, ikawahimiza wakulima walime zaidi wauze kwa bei hiyo hiyo mbovu, na ikaendelea kudai kodi. Kodi ya kichwa haikungoja mkonge upande bei. Asiye na fedha aliweza kuilipa kwa nguvu zake, akapelekwa kuchonga barabara au kubeba mizigo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, duniani kulikuwa na serikali iliyowalipa watu ili wafanye kazi, na nyingine iliyowafanyisha watu kazi ili wailipe yenyewe.

Nyanda za juu za Kigoma zilibanwa kuliko sehemu nyingi. Kutoka Kibondo au Kasulu hadi soko lolote la maana ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kulikuwa na ng'ombe, maharage, mtama na asali, lakini zao la kuuza kwa wingi la kumtosheleza mtu kodi halikuwepo. Serikali nayo iliiona nchi hii kama ghala la vijana. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo njia ikawa moja: kijana anafunga mkeka na unga, anashuka kusini kuifuata reli, wengine wanaishia kwenye chumvi ya Uvinza, wengine wanapanda treni hadi Morogoro na kuendelea hadi Tanga. Huko shambani jina lake likawekwa kando, akapewa namba. Ndiyo maana kwetu hatusemi babu alikuwa kibarua. Tunasema alikwenda manamba.

Na waliobaki nyumbani nao hawakuachwa walipo. Kulikuwa na malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, Kibondo ikiwemo, ikawatoa kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa ambako vichaka vilifyekwa ili ndorobo wakose pa kukaa. Madaktari walikuwa na hoja, na wako waliopona kwa sababu hiyo. Lakini shamba lisilolimwa haligojei mwenyewe. Nchi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, wanyama wakaingia. Ukitazama ramani leo, mashariki ya Kibondo kuna Pori la Akiba la Moyowosi, mahali ambapo mgeni hulipa apate kuona nchi isiyo na watu na kuamini kuwa ilikuwa hivyo tangu kuumbwa.

Shika hilo la nchi isiyo na watu, kwa sababu sasa tunaingia posta.

Hakuna aliyetuma mchoraji kuja kuuliza watu wa Kasulu wana historia gani. Picha pekee ya serikali iliyofika mikononi mwa mtu wa kawaida wa Uha ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, na nyuma ilikuwa na gundi. Stempu ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Wajerumani walituwekea merikebu ya Kaiser, iitwayo Hohenzollern, picha ile ile waliyoiweka kwenye makoloni yao yote, Afrika hadi Pasifiki. Waingereza walipoingia, mwaka 1922 walileta kichwa cha twiga, kisha mwaka 1927 wakaleta kichwa cha Mfalme George V. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na Mei 1935, katikati ya miaka ya shida, zikatoka stempu mpya za nchi tatu kwa pamoja, zimechapwa London na De La Rue.

Hizo ndizo picha kubwa za posta yetu za enzi ya Mdororo, na nzuri ni nzuri. Kuna korongo wenye taji. Kuna simba. Kuna jahazi kwenye Ziwa Victoria. Kuna Kilimanjaro, kuna Mlima Kenya, kuna Ziwa Naivasha. Kuna daraja la reli la Jinja linalovuka Nile, ambalo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1931 tu. Katalogi za wakusanyaji wa stempu zinawataja waliozibuni: R. C. Luck, A. Ross, G. Gill Holmes, L. R. Cutts, na mmoja mwenye jina la Kihindi, R. N. Ambasana, aliyebuni ile ya daraja. Mwafrika hayumo.

Wakusanyaji wana habari nyingine wanayoipenda. Kwenye stempu ya senti 5, ile ya jahazi, matoleo ya mwanzo yana kosa: kamba moja haikugusa tanga. Kosa likaonekana, bamba la kuchapia likarekebishwa, na matoleo yaliyofuata kamba imeshikana na tanga kama inavyotakiwa. Leo mtu atakupa hela nyingi au kidogo kulingana na kamba hiyo.

Kila nikifikiria kamba ile nashindwa kujizuia kucheka, kisha kicheko kinakwisha. Kulikuwa na macho makali kiasi hicho. Mtu alikaa na lenzi akaona uzi mwembamba kuliko unywele haujafika mahali pake. Lakini zitazame stempu zote zile, uzipange mezani moja baada ya nyingine, utafute sura ya mtu. Utaipata moja, ya Mfalme, juu, ndani ya duara lake, akitazama pembeni. Daraja halina aliyelijenga. Maziwa hayana mvuvi mwenye sura. Nchi ina simba, ndege na milima, na ina Mfalme. Hilo halikuhitaji kurekebishwa.

Kwa mtu wa Kigoma kuna la ziada. Ziwa Tanganyika, lililoipa nchi jina, halimo. Reli ya Kati, ambayo ndiyo iliyobeba barua zenyewe na waandishi wake, haimo. Mwaka 1938 alipokuja mfalme mpya, George VI, picha nyingi kati ya zile zilirudiwa na uso wa mfalme ukabadilishwa, zikaendelea kutumika hadi 1954. Kwa hiyo kwa karibu miaka 20, kila kijana wa Kiha aliyelipa senti zake kutoka kwenye ujira wa mkonge ili ampelekee mkewe salamu alimpelekea nchi ambayo yeye hayumo. Bibi hakukosea hata neno moja.

Kuna atakayesema: stempu ni ndogo, mtu hawezi kutosha. Anatosha. Vuka mpaka pale Manyovu uingie Burundi. Mwaka 1931 Wabelgiji walitoa stempu za Ruanda-Urundi zenye sura za watu wa huko, na zile za Kongo zilikuwa nazo tangu 1923. Ila nazo si za kushangilia. Watu wale wamechorwa bila majina, kama sampuli za kabila kwenye kabati la makumbusho: hivi ndivyo alivyo wa aina hii, hivi ndivyo alivyo wa aina ile. Tunajua baadaye mchezo wa kuwapanga watu kwa aina uliwafikisha wapi majirani zetu, na ni Kasulu na Kibondo zilizowapokea walipokimbia. Kumwonyesha mtu ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kumuuliza.

Tena tusidanganyane kwamba wachoraji hawakuwepo. Usukumani, mashariki ya Uha, wana chama cha wacheza nyoka walikuwa wakichora kuta za ndani za nyumba zao: nyoka, wanyama, watu, mambo ya chama. Hans Cory, mtafiti wa serikali, alizikusanya picha hizo katika kitabu kilichotoka 1953. Zilikuwa picha za ukutani kweli kweli, zenye maana kwa wenye nyumba, wala hazikungoja asilimia 1 ya mtu. Na Kampala, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Margaret Trowell alikuwa akianza kuwafundisha Waafrika uchoraji, mafunzo yaliyokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere.

Kutoka shule hiyo walitoka Watanganyika wawili wanaotuhusu hapa. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alichora watu wakifanya kazi kwa pamoja, wakilima, wakijenga, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwingine ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Huyu ndiye aliyepewa ukuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Ni maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, lakini vilima ni vya Ugikuyu, nyumba ni za Ugikuyu, na Yesu ni mtu mweusi. Fikiria waumini wa siku zile, wametoka kwenye vita vilivyowagawa mlango kwa mlango, wanaingia na kujiona ukutani. Ukuta wa namna hiyo haumbembelezi mtu. Unamlazimisha aseme kitu.

Posta yenyewe ilichelewa. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, zilitoka stempu za Afrika Mashariki zenye mkonge, pamba na kahawa. Mkonge upo pale, umechorwa vizuri, mkataji hayupo. Kisha ikaja Desemba 9, 1961, na Tanganyika ikatoa za kwake. Mwenge juu ya Kilimanjaro, ndiyo, na simba wa Serengeti hawakukosa, lakini safari hii kuna mwalimu na wanafunzi, kuna muuguzi na mtoto, kuna mchuma kahawa, kuna wavuna mahindi. Mchoro ulikuwa wa Mwingereza, Victor Whiteley, na kuchapa kulikuwa huko huko Ulaya. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu wa nchi hii alilamba stempu nyuma na kumkuta mtu mbele. Babu alikuwa amesharudi kutoka Tanga. Hakuwa na wa kumwandikia.

Leo ukishuka stendi ya Kasulu au ya Kibondo utaona kuta zimechorwa, tena kwa rangi kali. Duka zima nyekundu, jirani yake zima bluu, jingine la njano. Ni kampuni za simu. Wakala wa kutuma na kutoa hela ndiye posta ya sasa, na ukuta wake umelipiwa. Ukielekea Nyarugusu au Nduta utakutana na vibao vya mashirika, nembo juu ya nembo, kila tangi la maji lina jina la aliyelitoa. Sina ugomvi na matangazo. Ninachosema ni kwamba kila anayetaka kukumbukwa katika nchi ile ameshachora ukuta wake, isipokuwa wenyeji.

Na kumbukumbu ya manamba inakwisha. Waliokata mkonge miaka ya mwisho ya ukoloni wamebaki wachache mno. Wengine walilowea huko huko, na leo Tanga na Morogoro kuna familia za Waha ambazo Uha zinaijua kwa kusikia. Watoto wetu shuleni wanasoma neno manamba kama msamiati wa mtihani wa historia, hawajui kwamba ni jina la babu wa mtu aliyekaa dawati la mbele.

Ndiyo maana ule utaratibu wa asilimia 1 umenikaa kichwani. Barabara ya lami imefika, stendi zinajengwa, ofisi za halmashauri zinajengwa, Buhigwe na Kakonko zimekuwa wilaya tangu 2012 na majengo yake ni mapya. Kwenye makadirio ya kila jengo kuna fungu la vigae, fungu la mageti, fungu la viyoyozi. Kuweka fungu dogo la ukuta mmoja hakutaiangusha serikali. Mafundi wapo. Vijana wale wanaochora vichwa vya watu kwenye vibanda vya vinyozi na maneno nyuma ya malori, wanaopaka zile rangi za kampuni za simu kwa ujira wa siku, wape ukuta wa stendi ya Kasulu uone.

Ila wasiachiwe wachore furaha tupu kama ya wale wavuna ngano wa Marekani. Wakae kwanza na wazee, wawaulize. Kama ningeulizwa mimi, ningetaka wamchore kijana na mkeka wake akishuka kusini kuifuata reli. Wamchore karani anayempa namba. Wachore nyumba za Kibondo zilizoachwa kwa ajili ya malale, na nyasi zikiota mlangoni. Na katikati, pakubwa kuliko pote, wamchore mwanamke shambani na jembe lake, maana wanaume walipokwenda manamba ni wanawake waliolima, waliolea, na waliouza maharage ili kodi ya asiyekuwepo ilipwe. Mkononi mwake awe na bahasha. Stempu iwe ndogo, kama ilivyokuwa. Simba waweza kumwacha.

Bahasha za bibi hatunazo. Mchwa waliingia kwenye kasha lake, na tulipolifungua baada ya arobaini tulikuta unga wa karatasi na kipande kimoja chenye nusu ya jahazi. Nilikitazama muda mrefu kama kamba imegusa tanga au haijagusa. Sehemu hiyo ndiyo iliyoliwa.